Mashine ya Kasha na Tarehe Isiyotembea

Vijana wa atelier yetu ya kompyuta,

Siku ya kuagana mlinipa kiti cha mbele, soda baridi na maneno matamu ambayo kwa kawaida mtu huambiwa akiwa tayari ndani ya jeneza. Mkaniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi. Haya, naandika. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo muwaulize wenyewe. Wengine wanayatafuna mpaka leo. Mimi nitasema habari za mashine, na hasa mashine moja ya Kasha ambayo sitaisahau.

Nilianza kazi nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilidhani informatique, kazi hii ya kompyuta, ni ya kukaa mezani. Fundi mkuu wakati ule alikuwa Tonton Zihindula, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua. Aliniangalia kuanzia kola hadi viatu, kisha akanikabidhi pompa ya baiskeli.

"Ile chemise utaivaa kwa misa," aliniambia. "Hapa tunapulizaka vumbi. Fungua ile mashine, uipulize mpaka ikohoe."

Nilifungua sanduku la kompyuta iliyokuwa mbele yangu. Ndani mlikuwa na kiota cha panya, panya mwenyewe, na watoto wake. Nilirudi nyuma nikaangusha kiti. Tonton Zihindula hakuinua hata kichwa.

"Batoto ba panya unabatosha polepole," alisema. "Mama yabo anaumaka."

Kufikia mchana shati langu lilikuwa na rangi ya barabara ya Bagira, na mimi nilikuwa nimeanza kuipenda kazi. Sijui niliipendea nini. Labda kwa sababu ile mashine iliwaka.

Vifaa vyetu havikutoka kwenye katalogi. Tulikuwa na pompa, mswaki, alkoholi ya famasi, bisibisi za kila namna, na kifutio cha mwanafunzi. Hicho kifutio msikidharau. Mashine ikiwaka bila kuonyesha kitu, ikawa inalia tii-tii-tii tu, chomoa kibao cha kumbukumbu, sugua meno yake ya manjano kwa kifutio, kirudishe. Mara nyingi inafufuka. Nimewahi kumwona mkurugenzi mzima akifanya ishara ya msalaba mbele ya kifutio. Tonton alinifundisha pia kusikiliza disque, ghala la mafaili yote: ncha ya bisibisi juu ya disque, mpini kwenye sikio. Disque nzima inavuma, ile inayokufa inagonga. Siku hizi disque zenu hazina sauti, zinakufa kama watu wenye adabu, bila kumwambia mtu.

Ishara ya msalaba haisaidii kila mara. Kulikuwa na abbé mmoja aliyebariki ofisi mpya ya parokia na vyote vilivyomo, kwa maji mengi na kwa moyo wote, kompyuta ikiwa inawaka. Baraka iliingia moja kwa moja ndani ya umeme wake. Alinipigia simu palepale.

"Papa Déo, nilisema amina tu, ikalia pa."

Nilimshauri siku nyingine abariki wakati umeme umekatika, na kwetu hapa nafasi hiyo haikosekani. Kompyuta nyingine, niliyoambiwa imekufa, niliifuata hadi Katana nyuma ya pikipiki, nimeikumbatia skrini ya akiba kifuani njia nzima, na nilipofika nikakuta kwamba ilikuwa imechomolewa tu ili mtu apige pasi. Nilikunywa chai yao nikarudi.

Hizo ndizo zilikuwa kesi za ujana wangu. Vumbi, maji, panya, umeme unaorudi kwa hasira. Kila kitu kilichoua mashine kilikuwa kitu unachoweza kukishika kwa mkono, hata kama kinauma. Ndiyo maana nilishtuka vibaya sana karibu na mwisho wa kazi, nilipoona mashine nzima, safi, zinazofanya kazi, zikikataliwa kwa maandishi.

Mnaikumbuka ile miezi. Ilitangazwa kwamba Windows ya kumi haitatunzwa tena, na ile ya kumi na moja haitaki mashine za zamani. Watu wakaja atelier wameshika laptop zao kifuani kama watoto wenye homa. Unajaribu kuipandisha, kioo kinakujibu kwamba kompyuta hii haitimizi masharti: haina ile chip ya usalama, au processeur, ubongo wake, ni ya siku nyingi. Mara ya kwanza nilisoma maneno hayo, nikafuta miwani, nikasoma tena. Mashine ambayo jana iliandika mémoire ya mwanafunzi ya kumaliza chuo, leo inaambiwa haifai, wala haijaugua. Nilihisi nimetukanwa mimi. Mzee yeyote anayekaribia kustaafu angehisi hivyo.

Njia ipo, nanyi mnaijua, lakini nairudia kwa watakaokuja baada yenu. Chomoa disque ya zamani jinsi ilivyo, iweke kando, usiiguse. Weka SSD mpya, ile disque isiyo na sauti. Ongeza kumbukumbu kama kuna nafasi. Andaa clé USB kwa ile programu ndogo inayoondoa maswali ya masharti, ili Windows iingie bila kudai kitambulisho. Driver ya wifi iwe tayari kwenye clé nyingine, la sivyo utakuwa na mfumo mpya usioweza kuita msaada. Umeme wa mji usiutegemee hata kama unawaka vizuri, hasa kama unawaka vizuri. Funga mashine kwenye batri iliyojaa. Na mwambie mwenye mashine ukweli: waliotengeneza mfumo hawajaahidi chochote kwa mashine hii, na siku moja mise à jour, yaani sasisho la mfumo, inaweza kukataa. Kisha kuna vile vikongwe ambavyo processeur zake hazielewi kabisa amri za mfumo mpya. Hivyo usibishane navyo. Vipe Linux, mfumo wa bure usiodai mengi, vipumzike.

Basi, katika wiki yangu ya mwisho, nilipigiwa simu na Masœur Consolata. Ni mtawa anayeongoza kituo kidogo cha watoto wasiosikia vizuri, kule Kasha. Kila mtoto pale ana vifaa viwili vya kusikia, wenyewe wanaviita aparei, na sauti ya kila aparei hupangwa na programu iliyo ndani ya kompyuta moja tu.

"Papa Déo," alisema, "programu mupya iko. Lakini inasema inataka Windows onze. Na Windows onze inasema haitaki mashine yangu. Nifanye nini?"

"Mashine yenyewe iko ya zamani sana, Masœur?"

"Iko ya zamani, lakini iko na adabu."

Nilimwambia hakuna haraka, nitapita wiki ijayo, tayari nikiwa raia huru. Akasema haraka ipo, akanieleza habari za Neema.

Neema ni msichana wa miaka kumi na moja, mtoto wa watu wa Kalehe. Aliletwa kituoni akiwa na miaka mitatu, hajui neno. Kwa aparei zile alijifunza kusema, kusoma, hata kubishana na walimu. Kisha, mwaka baada ya mwaka, akaanza kupoa. Akiitwa haitiki. Darasani anakaa nyuma na kuchora. Aparei zilichunguzwa, zikaonekana nzima. Mwishowe ikaamuliwa kwamba masikio yake yamekufa, na nafasi yake ipewe mtoto mwingine ambaye bado anaweza kusaidiwa. Kwao Kalehe hakuna shule ya mtoto asiyesikia. Angerudi shambani na ukimya wake. Mama yake alikuwa ameshaitwa aje kumchukua. Masœur alitaka kumpima mara moja ya mwisho kwa programu mpya kabla hawajapanda boti.

Nilifika asubuhi. Kitu cha kwanza unachokutana nacho kituoni pale ni kelele. Walimu wanapaza sauti, wapishi wanapaza sauti, na mlinzi alinisalimia kana kwamba nimesimama ng'ambo ya ziwa. Wamezoea hivyo kwa ajili ya watoto. Barazani alikuwa ameketi Neema na begi lake, mama yake kando, wote kimya. Niliwaamkia. Mama aliitika kwa chini. Mtoto alitazama midomo yangu, halafu akatazama begi.

Masœur alikuwa anafundisha, akanifungulia chumba cha mashine akaniacha. Niliifungua. Pile ya saa, ile ndogo ya mviringo inayotunza tarehe umeme ukikatika, ilikuwa imekufa zamani. Niliweka mpya, nikajisifu kidogo. Nikatoa disque, nikaweka SSD, nikachomeka clé. Windows ikaingia bila swali hata moja. Nimelifanya jambo hilo mara nyingi, na kila mara nashangaa upya: mashine iliyoambiwa haifai inaamka upesi kuliko ilivyoamka ikiwa changa. Nikaunganisha internet ya simu yangu, tarehe ikajiweka sawa yenyewe. Nikahamisha mafaili ya watoto, na programu yao ya zamani pia nikairudisha, ili Masœur aweze kulinganisha. Nikaifungua kuijaribu huku namwita.

Aliingia. Hakutazama rangi mpya wala kusema ahsante. Alitazama pembe ya chini ya kioo, mahali pa tarehe, na uso wake ukabadilika.

"Papa Déo, ulifanya nini na tarehe?"

"Mimi sikufanya kitu. Ilijipanga yenyewe."

"Irudishe. Irudishe mbio, mbele ya kufungua programu."

Nilikuwa nimeshaifungua. Katikati ya kioo paliandikwa kwamba leseni imekwisha, na programu ikajifunga. Nilijaribu kuirudisha tarehe nyuma. Programu haikukubali tena, ilikuwa imeshaona.

Masœur Consolata alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti juu, mikono kichwani. Nilimuuliza kuna nini. Alieleza akitazama sakafu.

"Docteur wa masikio ule wa kwanza, mbele arudi kwabo, alituachia programu ya leseni ya muda. Alisema tarehe ikipita, itafunga. Njo kila asubui, nikitoka misa, nawasha mashine, narudisha tarehe kwa Asompsio. Asompsio ya ule mwaka leseni ilikuwa bado haijaisha. Kila asubui, Papa Déo. Hata siku moja sijasahau."

Miaka minane, ndani ya chumba kile, kila siku ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, mwaka ule ule. Nje watu wanakula Noeli, wanakula Pasaka, wanazika na kuoa. Ndani ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane. Nami nilikuwa nimekwenda kuweka pile mpya.

"Na batoto benye balizaliwa nyuma ya ile tarehe?" nilimuuliza. "Ulibaandikaka namna gani?"

"Mashine ilibakatala. Njo nikabazalisha mbele kidogo."

Yaani aliwaandika wamezaliwa kabla ya tarehe ile, na alisema hivyo bila kutabasamu, mtawa mzima wa Mungu.

Nilimtuliza kwamba hakijaharibika kitu: mafaili ninayo, na programu mpya haidai leseni. Niliiweka, nikaielekeza kwenye mafaili, ikayasoma yote. Masœur akafuta macho, akavuta kiti, akafungua faili la Neema. Yakatokea maandishi mekundu ya Kifaransa. Aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mwanafunzi: kwamba mtoto huyu ana miaka kumi na moja, kwamba sauti ya aparei zake imepangwa kwa sikio la mtoto wa miaka mitatu, kwamba mpangilio huo usitumike.

Nilidhani ni kosa langu la kuhamisha mafaili. Tukafungua mtoto mwingine, maandishi mekundu. Mwingine tena, mekundu. Masœur ndiye aliyeelewa kwanza, na nilimwona anavyoelewa, maana alianza kutikisa kichwa polepole kabla hajafungua mdomo.

"Sikio ya mutoto mudogo iko kama kasufuria kadogo," alisema. "Kikombe kimoja cha maji kinakajaza. Njo programu inapunguzaka sauti, isimuumize. Mutoto akikomaa, sufuria inakuwa kubwa, sauti nayo inapaswa iongezeke." Aligusa kioo kwa kidole. "Programu inaangaliaka miaka yake. Inahesabu kwa tarehe."

"Na tarehe haikutembea."

"Haikutembea. Kwa hii mashine, Neema hajawahi kukomaa."

Nilimuuliza kwa nini, alipoona mtoto hasikii, hakuongeza sauti yeye mwenyewe kwa mkono. Akanionyesha kwenye kioo mahali palipokuwa na mstari mwekundu. Docteur alimfundisha kwamba mstari ule unalinda sikio, kila mtoto na mstari wake kulingana na umri, na kuupita ni kumharibia mtoto sikio kabisa. Mstari wa Neema ulikuwa wa miaka mitatu. Hakuupita.

Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa vile vizibo vya plastiki ambavyo hushika aparei sikioni. Huvitengeneza mwenyewe kwa kupima sikio, na alimtengenezea Neema vipya kila mwaka kwa kuwa vya zamani vilikuwa vimekuwa vidogo. Alivipanga mezani, kuanzia kile kinachotoshea ncha ya kidole changu hadi kile cha mwaka huu. Vyote viko pale mbele yetu. Mikono yake ilijua kwamba mtoto anakua, ikamtengenezea nafasi mwaka baada ya mwaka. Na kila asubuhi, akitoka misa, mikono ile ile ilimrudisha kwenye miaka mitatu.

Vijana, mimi nimeona moto ukitoka ndani ya kompyuta. Nimekaa chini ya meza risasi zikipita mjini, na Tonton Zihindula kando yangu ananiuliza kama nimezima mashine. Sijawahi kushtuka kama siku ile. Nilimtafuta mzembe wa kumlaumu nikamkosa. Docteur alitaka kusaidia. Masœur alitii kila neno, hata siku za homa. Na katikati ya watu wanaompenda, wakimpazia sauti mchana kutwa, mtoto akawa anazimwa kidogo kidogo, halafu wakasema masikio yake yamekufa.

"Muite," nilisema.

Neema aliingia, mama yake akabaki barazani na begi. Masœur alimpima upya, akaunganisha aparei na mashine kwa waya, akabonyeza. Safari hii mstari mwekundu ulipanda, ukakaa mahali pa mtoto wa miaka kumi na moja. Masœur akamrudishia aparei masikioni. Mimi nilijifanya nakunja nyaya.

Masœur alisimama nyuma ya mtoto, akaita kwa ile sauti ya juu ya nyumba yao.

"Neema."

Mtoto aliruka kitini, akaziba masikio kwa viganja, akageuka.

"Masœur," alisema, "juu ya nini unanikaripia?"

Masœur alisogea karibu. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, na akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kituoni pale, sauti ya mtu aliye kwenye kitubio:

"Siko nakukaripia, mutoto wangu. Sikukuwa nakukaripia hata siku moja. Hivi unanisikia?"

Neema alikubali kwa kichwa. Aligeuza uso kuelekea mlangoni, akatulia, akikunja nyusi kama mtu anayesoma maandishi madogo. Sisi tulitazama mlangoni pia. Hapakuwa na mtu.

"Ni mama," Neema alisema. "Iko analia."

Masœur na mimi hatukusikia kitu. Ilibidi tunyamaze kwa muda ndipo na sisi tukasikia. Nje barazani, kando ya begi, mama Neema alikuwa analia kwa chini sana, kitenge mdomoni, na labda alikuwa amelia hivyo tangu asubuhi, na katika nyumba ile hakuna hata mmoja wetu, sisi wenye masikio mazima, aliyekuwa amemsikia.